Tikisamkia wa Milimani: Jinsi ya Kumtambua na Anachotuambia Kuhusu Mito Yetu

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kirinyaga wanamjua ndege mdogo mweusi kwa mweupe anayetembea juu ya paa la mabati, uani na kando ya mitaro huku akitikisa mkia juu chini bila kuchoka. Wachache wanajua kwamba ndege huyo ana ndugu anayefanana naye, ambaye hakai mjini wala uani. Huyu wa pili huishi kando ya mito yenye mawe na maji ya kasi, mwaka mzima, tangu kuzaliwa hadi kufa.

Kuwatofautisha ndege hawa wawili si kazi ya wapenzi wa ndege peke yao. Wa kwanza anaweza kujitafutia chakula hata kando ya mtaro wa maji taka. Wa pili hutegemea mto wenyewe, na mto ukiharibika hukosa chakula na kuondoka. Kwa hiyo mtu akisema, "Mto wetu hauna shida, ndege bado wapo," swali la kumuuliza ni moja: ni ndege yupi?

Makala haya yanaeleza alama za kumtambua tikisamkia wa milimani, jinsi anavyoishi, na kwa nini kuwapo kwake ni habari njema kwa kila mtu anayekunywa, kunywesha mifugo au kumwagilia shamba kwa maji yanayotoka Mlima Kenya.

Familia ya ndege wanaotikisa mkia

Kenya ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege. Miongoni mwao kuna kundi dogo la ndege wembamba, wenye miguu mirefu na mkia mrefu, ambao hutembea na kukimbia ardhini badala ya kurukaruka kama shomoro. Wanasayansi huliita kundi hili Motacilla. Katika makala haya tutawaita tikisamkia, kwa sababu hiyo ndiyo tabia inayowatambulisha wote: wakisimama, mkia hupanda na kushuka.

Kwa nini wanatikisa mkia? Wengine hudhani ndege anawashtua wadudu ili waruke. Lakini uchunguzi uliofanywa Ulaya kwa mmoja wa ndege hawa umeonyesha kwamba anayetikisa mkia zaidi ndiye aliye macho zaidi. Yaani ni kama anamwambia kipanga au paka anayenyemelea, "Nimekuona, usijisumbue."

Katika kaunti yetu mtu anaweza kukutana na tikisamkia wa aina tano. Watatu ni wenyeji wa Afrika na huonekana mwaka mzima. Wawili ni wageni wanaotoka Ulaya na Asia kila mwaka kukimbia baridi. Anayetuhusu zaidi leo ni tikisamkia wa milimani, ambaye jina lake la kisayansi ni Motacilla clara.

Alama za kumtambua

Tikisamkia wa milimani ana urefu wa sentimita 17 hadi 18 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Uzito wake ni kama gramu 20, mfano wa vijiko vinne vidogo vya sukari.

Mgongo na kichwa chake ni vya rangi ya kijivu iliyopauka, yenye dalili ya samawati, kama moshi wa kuni asubuhi. Tumbo na koo ni vyeupe safi. Kifuani ana utepe mweusi mwembamba, kama mtu aliyejifunga uzi shingoni. Juu ya jicho ana mstari mweupe unaofanana na nyusi, na chini ya mstari huo kuna weusi unaopita kwenye jicho. Mabawa ni meusi yenye kingo nyeupe. Mkia ni mweusi katikati na mweupe pembeni, hivi kwamba akiruka mbele yako weupe huo huonekana wazi.

Dume na jike wanafanana, na huwezi kuwatenganisha kwa kuwatazama tu. Makinda waliotoka kwenye kiota karibuni huwa na rangi ya hudhurungi zaidi, na utepe wao wa kifuani haujakolea.

Sauti nayo husaidia. Anaporuka hutoa mlio mfupi, mkali, kama chuma kinachogongwa kwa kijiti chembamba. Mlio huo hupenya kelele ya maporomoko, na mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona. Akiruka hafuati mstari ulionyooka. Hupanda na kushuka kama mawimbi, akifuata mkondo wa mto.

Asichanganywe na ndugu zake

Kosa la kawaida ni kumwita kila ndege anayetikisa mkia kwa jina moja. Hizi ni tofauti za kuangalia.

Tikisamkia wa mjini ndiye anayejulikana zaidi. Mgongo wake ni mweusi kabisa, si kijivu. Tumbo ni jeupe, kifuani ana utepe mpana mweusi, na bawani ana baka kubwa jeupe. Ni mkubwa kidogo kuliko yule wa milimani. Utamkuta Kerugoya, Kutus, Wang'uru na Sagana, kwenye paa za shule, vituo vya mafuta, masoko na nyua za nyumba. Hujenga kiota hata kwenye pembe ya paa la duka. Amezoea watu, na kuwapo kwake hakutuambii lolote kuhusu usafi wa mto.

Tikisamkia wa mabwawa ana mgongo wa kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na tumbo lisilo jeupe sana. Utepe wake wa kifuani ni mwembamba na umefifia. Hupenda kingo za mabwawa, vinamasi na malisho yenye unyevu katika nyanda za juu, wala si maji ya kasi. Mtu akiwa mbali anaweza kumdhania kuwa yule wa milimani. Tazama weupe: wa milimani ni mweupe safi na mwenye mabawa meusi, huyu anaonekana kama ametiwa vumbi.

Tikisamkia wa kijivu ndiye anayewachanganya watu zaidi, kwa sababu hupenda mito ile ile ya milimani. Huyu ni mgeni. Huwasili karibu mwezi wa Oktoba na kuondoka karibu Machi. Mgongo wake ni wa kijivu, lakini chini ya mkia na kiunoni ana rangi ya manjano. Ukiona manjano yoyote kwa ndege wa mtoni, basi si yule wa milimani.

Tikisamkia wa manjano pia ni mgeni, na huja kwa makundi makubwa. Mgongo wake ni wa kijani kibichi kilichofifia, na tumbo ni la manjano. Mkia wake si mrefu kama wa wengine. Hukaa nasi tangu Septemba au Oktoba hadi Aprili, akifuata ng'ombe malishoni na kutembea katika mashamba ya mpunga ya Mwea.

Kuhusu huyu wa mwisho, wakulima wa mpunga wanapaswa kujua jambo moja. Tikisamkia si kwelea. Hali punje za mpunga. Mdomo wake ni mwembamba kama sindano, umeumbwa kwa kukamata wadudu, ilhali mdomo wa kwelea ni mfupi na mnene, umeumbwa kwa kuvunja mbegu. Kundi la tikisamkia linalotembea katika shamba lililolimwa au lililotiwa maji linakula wadudu, na kulifukuza au kulitegea ni kupoteza kibarua asiyedai malipo.

Maisha yake mtoni

Tikisamkia wa milimani hupatikana katika nchi nyingi za Afrika, kuanzia magharibi mwa bara hadi Ethiopia na kusini hadi Afrika Kusini. Kote huko masharti yake ni yale yale: maji yanayokwenda kasi, mawe yanayochomoza juu ya maji, na miti au vichaka ukingoni. Nchini Kenya ni ndege wa nyanda za juu.

Katika kaunti yetu mazingira hayo yako kwenye vijito na mito inayoteremka kutoka msitu wa Mlima Kenya: Thiba, Nyamindi, Rupingazi, Rwamuthambi, Ragati na mingine midogo inayoimwagia maji. Kadiri unavyoshuka kuelekea Mwea, ardhi huwa tambarare, maji hupunguza kasi, mawe hufunikwa na tope, na ndege huyu hutoweka kwa sababu za kimaumbile. Kutomwona Wang'uru hakumaanishi kwamba kuna jambo baya. Kutomwona juu mlimani, katika kijito cha mawe alichokuwa akiishi zamani, ndiko kunakohitaji kuulizwa.

Ndege hawa huishi wawili wawili. Dume na jike hushika kipande cha mto na kukilinda mwaka mzima dhidi ya jozi nyingine. Eneo lao si duara kama la ndege wa msituni, bali ni mstari mrefu unaofuata mkondo, na huweza kufika mamia ya mita. Ndiyo maana hutawaona kwa makundi. Kipande cha mto chenye jozi moja tayari kina wenyewe.

Kiota chao ni kikombe cha majani, kuvu za miti na vijizizi, kilichowekwa katika ufa wa mwamba, kwenye ukingo wa mto, katika tundu la mti au kando ya maporomoko, mara nyingi juu ya maji yenyewe. Wakati mwingine hukiweka chini ya daraja au katika kalavati. Jike hutaga mayai mawili au matatu. Wazazi wote wawili huyaatamia kwa takriban wiki mbili, na makinda hukaa kiotani kwa muda kama huo au zaidi kidogo kabla ya kuruka.

Kujenga karibu na maji kuna faida na hatari. Faida ni kwamba adui hafiki kwa urahisi. Hatari ni mafuriko. Pale ambapo mteremko una miti na nyasi, mvua huingia ardhini na mto hupanda polepole. Pale ambapo mteremko umeachwa wazi, mvua hiyo hiyo hukimbilia mtoni kwa mara moja, na maji hupanda kwa muda mfupi. Kiota kilichokuwa salama juu ya maji hubebwa pamoja na makinda. Maji hayo ndiyo pia yanayobomoa vivuko vya miguu, kukata barabara za mashambani na kuziba mabomba ya miradi ya maji.

Kwa nini mto ulioharibika humfukuza

Ili kuelewa uhusiano wa ndege huyu na usafi wa maji, lazima tuangalie sahani yake. Chakula chake ni wadudu wa mtoni na mabuu yao: mabuu ya kereng'ende, nzi wa majini, na wadudu wengi wadogo wanaokaa chini ya mawe. Baadhi yao wana mikia mitatu myembamba kama nywele. Wengine hujijengea nyumba ndogo ya mchanga na vijiti na kuivaa kama koti.

Wadudu hawa wana sifa moja muhimu: wengi wao hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji baridi yanayogonga mawe huwa na oksijeni nyingi. Maji ya moto, yaliyotuama au yenye uchafu unaooza huwa na kidogo. Oksijeni ikipungua, wadudu hao hufa au huhama, na hubaki wale wachache wanaostahimili uchafu. Afrika Kusini wataalamu hutumia wadudu wa aina hii kupima afya ya mito, na kuna hata njia rahisi iitwayo miniSASS ambayo wanafunzi na wananchi wa kawaida huitumia bila maabara. Wadudu ndio kipimo, na ndege anayewala husimama juu yao kama bendera juu ya mlingoti.

Katika mito yetu, mambo matano huweza kuiondoa sahani hiyo.

La kwanza ni udongo. Shamba likilimwa hadi kwenye ukingo wa maji, kila mvua hushusha udongo mtoni. Udongo huo hujaza nafasi zilizo kati ya mawe, ambako wadudu hukaa. Mto unaweza kuonekana una maji mengi, na bado chini yake hakuna kitu kilicho hai. Mkulima naye anapoteza rutuba aliyoinunua kwa fedha.

La pili ni maji machafu ya viwanda vya kahawa. Kahawa iliyoiva ina utamu katika ute na maganda yake. Maji ya kumenyea na kuoshea kahawa yakimwagwa mtoni bila kupitishwa kwenye mashimo ya kuyatuliza, utamu huo huanza kuoza, na vijidudu vinavyoozesha hutumia oksijeni yote. Katika msimu wa mavuno, kipande kirefu cha kijito huweza kugeuka rangi na kunuka. Kiwanda chenye mashimo yanayotosha na yanayosafishwa kwa wakati huzuia madhara haya, na wanachama wa ushirika wana haki ya kuuliza maji ya kiwanda chao yanaishia wapi.

La tatu ni sabuni, mafuta na dawa za kilimo. Kuosha magari, bodaboda na pampu za kunyunyizia dawa mtoni huingiza sumu moja kwa moja. Dawa iliyotengenezwa kuua wadudu wa nyanya au kahawa haibagui. Ikifika majini huua pia wadudu wa mtoni.

La nne ni kukata miti ya ukingoni au kupanda isiyofaa. Kivuli hufanya maji yawe baridi, na majani yanayoanguka ni chakula cha wadudu wengi. Mikaratusi iliyopandwa karibu na mto hunywa maji mengi, na ndiyo maana mwongozo wa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) hauishauri kando ya mito na kwenye ardhi oevu.

La tano ni kuchota maji kupita kiasi wakati wa kiangazi. Kila mfereji na kila pampu inaweza kuonekana ndogo, lakini zikiwa nyingi kwenye kijito kimoja, mawe hubaki makavu. Ndege hupoteza eneo lake, na jirani wa chini hupoteza maji ya kunywa.

Tuwe waangalifu katika jambo moja. Kutomwona ndege huyu siku moja si ushahidi wa uchafuzi. Huenda yuko upande mwingine wa eneo lake, au mafuriko yaliharibu kiota. Ushahidi ni pale anapokosekana mara kwa mara, mahali alipokuwa akionekana, huku mto ukiwa na dalili nyingine kama harufu, povu, rangi au mawe yaliyofunikwa na tope.

Maji ni yale yale kutoka mlimani hadi Mwea

Mkazi wa Mwea anaweza kuuliza: ndege wa juu huko mlimani ananihusu nini mimi?

Jibu liko katika mfereji wake. Mradi wa umwagiliaji wa Mwea, ambao ulianza katika miaka ya 1950 na leo hutoa sehemu kubwa ya mpunga unaolimwa Kenya, hupata maji yake kutoka mito ya Nyamindi na Thiba. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, lilijengwa ili kuhifadhi maji hayo na kuongeza misimu ya kilimo. Bwawa lolote hujazwa na vitu viwili: maji na udongo. Udongo unaotoka mashambani juu ukifika bwawani hutulia chini, na kila tani inayotulia huchukua nafasi ya maji ambayo yangemwagilia mpunga.

Safari haiishii hapo. Mto Thiba huendelea hadi kwenye bwawa la Kamburu, mojawapo ya mabwawa ya Mto Tana yanayozalisha umeme wa nchi. Kwa hiyo kijito ambacho mtu anaweza kukivuka kwa hatua tatu juu ya Kimunye ni mwanzo wa maji ya mpunga, ya umeme na ya kunywa ya watu ambao hawatawahi kukiona. Pale juu hakuna mita wala kamera kwenye kila kijito. Yuko ndege wa gramu 20, ambaye hawezi kudanganywa kwa sababu anakula kinachotoka humo kila siku.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinamwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya serikali kuyalinda mazingira hayo. Haki na wajibu vinakwenda pamoja.

Kanuni za Ubora wa Maji, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kulima au kujenga kwenye ukingo wa mto. Upana unaopaswa kuachwa hutegemea upana wa mto: usipungue mita 6 na usizidi mita 30 kila upande, ukipimwa kutoka mahali maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko makubwa zaidi yaliyorekodiwa. Kwa kipimo cha mguu, mita 6 ni kama hatua nane za mtu mzima. Huo ndio upana wa chini kabisa, hata kwa kijito kidogo.

Yeyote anayechota maji ya mto kwa mfereji au pampu kwa ajili ya kilimo cha biashara au mradi anapaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016. Sheria hiyo pia inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo huwaleta pamoja wakazi wa bonde moja la mto ili kugawana maji na kutatua migogoro kabla haijafika mahakamani.

Kwa upande wake, serikali ya kaunti imepewa na Jedwali la Nne la Katiba jukumu la kutekeleza sera za kitaifa za hifadhi ya udongo, maji na misitu. Na ndege mwenyewe analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Watoto waelezwe kwamba kuvunja kiota au kumpiga tikisamkia kwa manati si mchezo.

Kila mkazi anaweza kufanya nini

Mkulima mwenye shamba linalopakana na mto anaweza kuanza kwa kuacha ukanda wa ukingo bila kulima, na kupanda humo miti ya kienyeji, mianzi au nyasi zinazoshika udongo. Nyasi za nepia huzuia udongo na pia hulisha ng'ombe, mradi zipandwe kwenye mteremko ulio juu ya ukanda huo. Wanaolima nduma wasikate ukingo wala kugeuza mkondo wa maji ili kupata shamba.

Anayenyunyizia dawa aoshee pampu yake shambani, mbali na mto, na asitupe chupa tupu majini. Anayeosha magari atafute mahali ambapo maji hayarudi moja kwa moja mtoni. Wenye mikaratusi ukingoni wanaweza kuivuna na kuweka miti ya kienyeji badala yake hatua kwa hatua, ili ukingo usibaki wazi.

Mafundi wanaokarabati madaraja na kalavati wanaombwa kutazama kwanza kama kuna kiota. Makinda yakiwemo, kusubiri wiki mbili au tatu, pale ambapo kazi si ya dharura, hutosha.

Shule zina nafasi ya pekee. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda katika mazingira yao. Kijito kilicho karibu na shule ni darasa la sayansi lisilolipiwa.

Jinsi ya kuchunguza kijito chako

Chagua mahali ambapo maji yanapita kasi juu ya mawe, ikiwezekana kwenye daraja la miguu ambapo huhitaji kuingia majini. Nenda asubuhi. Simama kimya kwa dakika 20. Tazama mawe yaliyo katikati ya mto, si ukingo tu, na usikilize ule mlio mkali wa chuma.

Ukimwona ndege anayetikisa mkia, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, ana manjano popote? Akiwa nayo, ni mgeni. Je, mgongo wake ni mweusi kabisa? Ukiwa hivyo, ni yule wa mjini. Je, mgongo ni kijivu kilichopauka, tumbo ni jeupe safi, na kifuani kuna utepe mwembamba mweusi? Basi umemwona tikisamkia wa milimani.

Andika tarehe, mahali, idadi ya ndege na hali ya maji: yako wazi au ya udongo, yana harufu au hayana. Rudi mahali hapo kila mwezi. Rekodi ya mwaka mzima ya mtu mmoja ina uzito zaidi katika kikao cha wadi kuliko malalamiko ya watu kumi yasiyo na tarehe. Wenye simu za kisasa wanaweza pia kuchangia katika mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya taarifa za ndege kutoka kwa wananchi nchini kote.

Tahadhari moja: katika maeneo ya chini ya Mwea, usiingie kwenye mifereji na maji yaliyotuama ili kutafuta ndege au wadudu, kwa sababu ya hatari ya kichocho. Chunguza ukiwa ukingoni.

Ukiona mto umebadilika rangi, una povu au harufu, au ukiona samaki na wadudu waliokufa, toa taarifa mara moja kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, kwa chifu, au kwa chama cha watumiaji wa maji cha bonde lenu. Taja mahali, siku na saa. Uchafu wa mtoni husafiri, na afisa akichelewa siku mbili hukuta maji safi yamepita na ushahidi umeshuka Mwea. Na ikiwa katika daftari lako umeandika kwamba jozi ya tikisamkia wa milimani iliyokuwa hapo kila mwezi haionekani tena, mwonyeshe na ukurasa huo.